Ndugu Hapewi Kipande

Fundi cherehani wa ile kona hakuwahi kuandika risiti maishani mwake. Ukimpelekea kitambaa alikipima, akakikunja, kisha kabla hujageuka alikata kipembe kidogo upande usioonekana na kukutia mkononi. "Hiki ndicho wewe," alikuambia, pini amezibana midomoni. Siku ya kuchukua nguo ulileta kipande chako, akakilinganisha na nguo, mkamalizana. Usipokuwa nacho, hata ulie machozi ya damu, nguo huipati. Kwa zile pini watu walimwita Mama Pini, na kwa utaratibu wake huo hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nguo yake imekwenda kwa mwingine.

Mtu mmoja tu alishonewa bila kukatiwa: mdogo wake. "Ndugu hapewi kipande," Mama Pini alisema, na maneno yakaishia hapo.

Mdogo mtu mwenyewe nyumbani walimwita Profesa tangu utotoni, kwa kuwa alipenda kuvaa miwani ya baba yao na kuwasomea kuku gazeti. Jina likamganda, na mwishowe akawa mhadhiri wa chuo kweli. Aliyemsomesha ni huyo huyo dada. Wazazi walipofariki, cherehani ile ndiyo iliyolipa ada, ikanunua viatu, ikampeleka hadi alikofika. Profesa alilijua hilo, na alipenda kulisema mbele za watu. Kulisema ni rahisi.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi taasisi ndogo zinavyochangisha fedha mtandaoni. Swali lililomkaa rohoni lilikuwa moja: mtu anaiaminije taasisi ambayo hajawahi kuuona hata mlango wake? Jirani unamwamini kwa sababu unajua anakolala. Lakini ukurasa kwenye simu unaosema "tunatunza wazee, tusaidie" una nini cha kushikika?

Basi akabuni kituo cha wazee ambacho hakikuwepo popote ila kichwani mwake. Akakitengenezea kurasa mbili zenye maneno yale yale. Wa kwanza uliwekwa nembo ya ndege aliyekunjua mbawa. Wa pili ulitaka uso wa mtu, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Alijaribu picha za wahadhiri wenzake, lakini kila mmoja alionekana kama anaomba kura. Akachukua kamera yake akaenda kwa dada.

"Hebu niangalie."

"Nina kazi, Profesa."

"Mara moja tu. Cheka kidogo."

"Nicheke nini?"

"Ni mambo ya chuo."

"Chuo gani hicho kinachofundisha kwa meno yangu?" Mama Pini akasema, akautema ule msururu wa pini kiganjani, akacheka kwa utani wake mwenyewe. Picha ikapigwa hapo hapo. Tepu ilikuwa shingoni, chaki nyuma ya sikio, na macho yalikuwa ya mtu anayekujua na bado anakupenda.

Hakuuliza zaidi, wala Profesa hakueleza zaidi. Na hapa lazima tuseme kitu. Sheria za utafiti ni kali, na huyu msomi wetu alizifuata herufi kwa herufi. Kila mtu aliyeshiriki alielezwa kwanza, akaombwa ridhaa, akaweka saini. Hakuna aliyetozwa hata senti, na mwishoni kila mmoja aliambiwa kwamba kituo kile ni cha kubuni. Watu asiowajua kabisa, wa miji asiyowahi kufika, aliwaomba ruhusa kwa adabu zote. Dada yake alimwambia acheke. Ni dada, bwana. Nani anapiga hodi jikoni kwao?

Majibu yalimshangaza hata yeye. Ukurasa wenye ndege watu waliupita kama wanavyopita tangazo la sabuni. Ule wenye Mama Pini walisimama, wakasoma, wakabonyeza. Wengine waliandika chini yake, "Huyu mama hawezi kutuongopea." Profesa akaendelea kuchambua: maneno yapi yanavuta, picha ikae upande gani, kitufe kiwe na rangi gani. Akaandika makala yake, ikasifiwa, na jarida likamtaka aweke kila kitu hadharani, kurasa na picha na maneno, ili watafiti wengine waweze kukagua. Hiyo ndiyo desturi ya kazi yao, na ni desturi njema. Asiyeficha vyombo vyake hashukiwi. Akaweka kila kitu, na uso wa dada yake ukiwemo.

Watafiti wengine walikagua. Wezi nao walikagua, na walimwelewa vizuri kuliko wanafunzi wake. Walichukua maneno, wakachukua kitufe na rangi yake, wakauchukua ule uso, wakaubandika kwenye kituo chao cha wazee ambacho nacho hakikuwepo popote. Tofauti zilikuwa mbili tu: wao walizichukua fedha za watu, na hawakumwambia mtu mwishoni.

Wa kwanza kuja kwenye kona alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wa miaka mingi. Alisimama mlangoni ameshika simu kama mtu aliyeshika kitu cha moto. "Mama Pini, huyu si wewe?" Mama Pini akafuta mikono, akatazama, akacheka, maana hakuelewa. Kicheko kile kilimponza. Mwalimu alikiona ni kile kile cha kwenye picha, akageuka akaenda zake bila kuaga.

Baada ya hapo wakaanza kuja na vipande vyao. Hawakugomba. Ingekuwa heri wagombe. Walitoa kipande, wakasema, "Naomba kitambaa changu," na alipowaambia bado hajakishona walijibu kwamba hawana neno, wanakitaka hivyo hivyo. Jirani muuza viatu, aliyezoea kuja kunywa chai dukani humo, alisikika akisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Misumari ya ukutani, iliyokuwa ikilemewa na nguo za watu, ikabaki mitupu mmoja mmoja.

Mama Pini akampigia mdogo wake simu. "Profesa, ile picha uliyonipiga ulipeleka wapi?"

Jibu lilikuwepo, tena la maneno machache. Lakini wiki ile jina la Profesa lilikuwa mezani kwa wakubwa wa chuo, wanajadili kumpandisha cheo, na makala iliyokuwa ikimbeba ni hiyo hiyo. "Ngoja nichunguze, dada," akasema.

Achunguze nini? Alijua kila kitu kabla simu haijakatwa. Na dada yake, kwa kuwa alimwamini, akangoja. Aliwaambia waliobaki, "Mdogo wangu yuko chuo, anachunguza, atatuambia." Alilisema hilo kwa fahari, watu wakawa wanatazamana. Profesa baadaye alikuja kulijua hilo kutoka kwa yule muuza viatu, na ndilo linalomuuma kuliko yote. Picha ilikuwa uzembe. Kule kunyamaza kulikuwa yeye mwenyewe, akili timamu.

Cheo kikapita. Mkuu wa kitivo alimpa mkono akamwambia kwa furaha kwamba hata wahalifu wameuthibitisha utafiti wake. Profesa alicheka pamoja naye, kisha akaenda kujifungia ofisini na kulia hadi miwani ikaingia ukungu. Akawaandikia wenye mtandao uliobeba ukurasa wa wezi, akiomba uondolewe. Wakamjibu kwa barua ya mashine. Ukaondolewa, ukarudi kwa jina jingine. Ukaondolewa tena, na wezi wakarudi tena na kicheko kile kile. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuwa amefika na mizigo yake yote.

Siku aliyokwenda kukiri, cherehani ilikuwa imegeuzwa. Miaka yote ilitazama mlangoni, fundi akisalimiana na wapita njia huku anashona. Sasa ilitazama ukuta. Mama Pini alikuwa anaweka vifungo kwenye shati, ameupa mlango mgongo.

Profesa akakaa kwenye stuli ya wateja, akasema yote: kituo cha kubuni, picha aliyoiweka hadharani, wezi, na jinsi alivyojua tangu siku ile ya simu. Sindano ya Mama Pini iliendelea kuingia na kutoka.

"Kwa hiyo ulijua," alisema mwishoni.

"Nilijua, dada. Nisamehe."

"Na mimi nawaambia watu unachunguza."

Profesa akafungua mkoba, akatoa kile alichokuja nacho. Alikuwa na mpango, na mpango ulikuwa mzuri, maana kazi yake aliijua. Watarekodi video fupi, Mama Pini atazame kamera, aseme kwa kinywa chake kwamba ameibiwa sura. Chuo kitaisambaza kila mahali ukurasa wa wezi ulikopita. Safari hii alikuwa ameandika na karatasi ya ridhaa, iliyoeleza kila kitu, na mahali pa saini.

"Bila uso haitasaidia," alieleza. "Kanusho la maneno matupu watu hawaliamini. Nimelipima hilo. Wewe wakikuona, wataamini."

Mama Pini akaipokea karatasi, akaisoma yote taratibu, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Wale watu wako wa utafiti uliwasomea karatasi kama hii?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote, dada."

"Na mimi?"

"Wewe..." Profesa alishika ukingo wa stuli. "Wewe ni dada yangu."

"Ndiyo maana nauliza."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mama Pini akaikunja karatasi kwa mikunjo ya fundi, pembe kwa pembe, akamrudishia.

"Leo umeniuliza?"

"Nimekuuliza."

"Basi jibu langu ni hapana."

"Dada, watu wataendelea kudhani—"

"Wacha wadhani. Uso wangu umezunguka vya kutosha, na mara zote mbili uliibwa. Mara ya tatu naukalisha nyumbani. Wewe andika hayo maneno yako matupu."

"Watakaoamini ni wachache."

"Hao wachache ndio wateja wangu."

Profesa alijua takwimu. Alijua wachache ni wachache kiasi gani, na kwamba hawatoshi kulipia chumba kile. Angeweza kubembeleza, na alijua ni sauti ipi ingemlainisha dada yake, kwa kuwa alikuwa akiitumia tangu utotoni. Hakuitumia. Aliirudisha karatasi mkobani bila saini, na hilo labda ndilo jambo la heshima pekee alilolifanya katika mkasa wote ule.

Alipoinuka, Mama Pini akamuuliza, "Joho lako la sherehe ya chuo liko wapi?"

"Liko kwenye gari. Ni refu, lakini basi tu, nita..."

"Nilisema nitalipunguza mimi. Lilete."

Moyo wa Profesa ukapata nafuu. Alikwenda karibu mbio, akarudi na lile joho jeusi, akalivaa, akasimama wima katikati ya chumba kama alivyosimama zamani akipimiwa sare ya shule. Dada akapiga magoti na pini zake, akalikunja pindo pande zote. Mikono ilikuwa ile ile, na Profesa alijiambia kwamba damu ni damu, yatapita.

"Vua."

Akavua. Mama Pini akalitandaza juu ya meza, akashika mkasi, akakata kwenye pindo kipembe cheusi kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Akakinyoosha mkononi kwa mdogo wake.

Profesa alikitazama. "Dada, mimi pia?"

"Njoo Ijumaa," Mama Pini alisema. Alikuwa amekwisha kaa, macho ukutani, mguu kwenye pedali. "Na usikipoteze. Bila hicho sitoi nguo."

Profesa akakifumbata kiganjani, akasema asante kama wanavyosema wateja, akatoka.