Kigingi cha Sita

Watu walimwita Mpima Nyasi, na mwaka huu hata kuitwa kulimchosha. Kazi ilikuwa ileile: kiangazi kikianza, azungukie vigingi saba vya chuma kwenye malisho ya serikali, kimoja kwa kila kitalu, asimame penye kila kigingi, apige picha kuelekea kilimani, kisha ashushe rula. Nyasi zikifika vidole vinne, ng'ombe wanaendelea kula. Zisipofika, kitalu kinafungwa mwaka mzima kipumzike. Yeye hakuna aliyewahi kumfunga apumzike.

Kigingi cha sita kilimkuta hoi. Pikipiki ilishapata pancha mara mbili, na mgongo ulikuwa umegoma. Lakini he! Nyasi zilimfika magotini. Akashusha pumzi. Kumbe leo angerudi mapema, alale kama gogo.

Akatoa picha ya mwaka jana alinganishe. Kwenye picha, kichuguu kilikuwa kimeziba nundu moja ya kilima. Leo nundu zote mbili zilikuwa zinamkodolea macho, na kichuguu kimekaa pembeni kama hakihusiki.

"Jamani," akajisemea, "chuma kimeota miguu."

Hapo akatokea mama mkwe wake, fimbo begani, ng'ombe wake kumi na mmoja mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekunja uso? Majani si hayo, kama zulia?"

"Mama, kigingi hiki kimehama."

"Labda kimefuata malisho. Ng'ombe wanahama kila siku, chuma kina nini?"

Kumfokea asingeweza, mkwe ni mkwe. Akaangalia viatu vyake.

"Mlikuwa wangapi?"

"Watatu," mama akajibu bila hata kupepesa. "Wawili wa kung'oa, mimi wa kuhesabu hatua. Sitini tu, baba. Wewe andika ulichokiona. Kwani macho yako yanadanganya?"

Kalamu ilikuwa mkononi. Akiandika "magotini", ng'ombe watabaki, mkewe atacheka, naye atalala. Akiandika ukweli, mama huyu na goti lake bovu atawaswaga siku mbili hadi kitalu cha ng'ambo ya bonde. Lakini kitalu cha tatu alikiandikia uongo miaka minne nyuma, kwa uchovu tu, na mpaka leo hakioti hata magugu.

"Nisindikize hatua sitini, mama."

Shimo la zamani walikuwa wamelifukia kwa samadi. Kulizunguka, vumbi tupu. Akampa rula.

"Pima wewe. Popote unapopenda."

Mama mkwe akazunguka, akachutama kwa shida, akainuka, akachutama tena, kama mtu aliyeangusha pete. Mwishowe akapata kishungi kimoja cha nyasi, akakivuta juu kwa kucha.

"Vidole viwili," akasema. "Na hapo nimekivuta."

"Niandike?"

"Andika. Ila mkeo utamwambia mwenyewe. Mimi leo sina nguvu za kugombana na mtu."

Akawageuza ng'ombe. Mpima Nyasi akaenda kukileta kigingi, akakipigilia mahali pake, akaelekeza kamera kilimani. Picha hizi hazitakiwi kuonyesha mtu wala mnyama. Ng'ombe walishatoka. Mama alikuwa bado katikati, anachechemea, anasimama, anachechemea tena.

Akashusha kamera, akangoja. Ilimchukua mama muda mrefu kutoka kwenye picha.