Taja Mwenzako

"Kubali tu, Mama. Sema ndiyo, wakunyoe, yaishe."

Prudencia alikuwa kwenye wimbo huo tangu alfajiri, na mama yake, Leonsia, aliendelea kuosha vyombo. Sauti ya spika ilifika mpaka jikoni. Lambalamba, mtafuta wachawi aliyeletwa na vijana wa mtaa, alikuwa ameshaingia uwanjani nyuma ya mashine ya kusaga, na masharti yake mtaa wote wa Igoma uliyajua. Anayekubali ananyolewa, anakunywa dawa, anabaki na majirani zake. Anayekataa nyumba inachomwa, na yeye mwenyewe, jamani, asipowahi kukimbia, ndiyo basi tena.

Chanzo kilikuwa msiba wa jirani yao Malimi, dereva wa bajaji. Mtoto wake mchanga alishikwa degedege, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Jioni iliyotangulia Leonsia alikuwa amempakata mtoto huyo na kumwimbia Kihaya, na kumpa mama mtoto bakuli la senene wa kukaanga waliotoka kwao Muleba. Basi! Bakuli la senene likawa ushahidi. Watu wale wale waliokuwa wanamgongea mlango kila msimu, "Bibi, senene hawajafika?", sasa wakipita hapo wanatema mate. Binadamu hatuna aibu hata kidogo.

"Ni kama kitubio, Mama," Prudencia alibembeleza. "Unaungama, unapewa malipizi, unarudi nyumbani."

"Kitubio cha uongo?"

"Mungu anajua ukweli. Mimi nakutaka hai! Nikuzike kwa sababu ya neno moja?" Machozi yakamtoka, maana tangu baba yake afariki hakuwa na mtu mwingine duniani.

Leonsia akafunga kitenge chake vizuri kiunoni. "Haya. Kwa ajili yako."

Uwanjani walimkalisha kwenye turubai pamoja na wazee wengine, wote wanawake. Eti uchawi hauna wanaume! Lambalamba mwenyewe ungemdhania kocha wa timu ya mtaa: kijana, raba nyeupe, filimbi shingoni, kitambaa chekundu begani. Malimi alisimama mbele, macho yamevimba kwa kulia, bajaji yake nyuma yake.

"Bibi, mtoto wa huyu bwana ulimroga?"

"Nilimroga," akasema Leonsia, akiangalia chini.

Vilio vikapanda. Malimi akajishika kichwa. Prudencia, Mungu amsamehe, alishusha pumzi. Yameisha, alijiambia. Watamnyoa, nitampikia uji, kesho nitafungua banda langu la vitenge pale Buzuruga.

"Vizuri," Lambalamba akasema. "Sasa taja mwenzako."

Hilo Prudencia hakuwa amelifikiria. Miaka yote aliyopiga magoti kanisani, padri hakuwahi kumuuliza dhambi za jirani.

"Nilikuwa peke yangu," Leonsia akajibu.

"Hakuna anayewanga peke yake! Taja!"

"Basi alikuwa dada yangu. Marehemu."

"Marehemu tutamnyoa nini?" Watu wakacheka, kicheko kibaya. Lambalamba akapuliza filimbi. Kijana mmoja akanyanyua dumu la petroli, akaanza kuelekea kwenye nyumba yao, na wengine wawili wakamshika Leonsia mikono.

"Taja! Taja! Taja!"

Kule kwenye turubai wazee wakainamisha nyuso, kila mmoja akiomba jina lake lisahaulike. Leonsia akafumba mdomo. Prudencia alimjua mama yake: hapo hata umkate, hasemi. Wakamvuta, kiatu kikamtoka, na Prudencia akakiokota.

"Sabina!" akapiga kelele. "Alikuwa na Sabina!"

Nyuso zote zikageukia turubai, alikoketi. Sabina alikuwa mjane anayebanika samaki, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na kwa macho hayo nani angebisha? Prudencia alipolazwa na taifodi, Sabina ndiye aliyekuwa anamfulia nguo. Sasa alimwangalia tu.

"Uongo!" Leonsia akajinasua mikononi mwa vijana. Mama mzima, pekupeku mguu mmoja, akaenda kukaa ubavuni kwa Sabina na kumshika mkono. "Mwanangu amesema uongo ili aniokoe mimi. Na mimi nilisema uongo ili nisimlize yeye. Malimi, mtoto wako nilimpenda. Sikumroga. Mkitaka kuchoma, chomeni, lakini jina la mtu hamtalipata kwangu."

Kijana mwenye dumu na wenzake wakageuka kuwaelekea. Malimi akawatangulia, akasimama mbele ya turubai.

"Nilitaka kujua kilichomuua mwanangu," akasema, sauti inakatika. "Hapa kila mtu anaokoa wake tu. Anayetaka kuwagusa hawa bibi aanze na mimi mfiwa."

Nani ampige mfiwa? Lambalamba akapuliza filimbi, akapuliza tena, na hakuna aliyesogea. Malimi akawapandisha Leonsia na Sabina kwenye bajaji. Atawafikisha polisi, akasema, halafu kila mmoja atajua ndugu wa kumkimbilia, maana usiku wa leo hakuweza kuudhamini.

Prudencia akakimbia na kile kiatu mkononi. Akamvisha mama yake, akashika chuma cha bajaji aingie. Ndani palikuwa na nafasi. Sabina alikuwa amesogea kabisa upande wa pili, akigeuza uso.

"Mama, twende wote. Nilitaka uishi tu."

"Najua, mwanangu." Leonsia akauondoa mkono ule kwenye chuma, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Lakini Sabina atakaaje na wewe? Baki. Nyumba yako haijaungua."

Malimi akawasha bajaji, wakaondoka.