Karatasi Ndani ya Ntumba

...na jembe hili limekuwa zito tangu lini, juzi tu nililima nalo upande ule wa kwa Limbu mpaka jua likawa utosini, sikuhema, leo nimelishika kama mtu aliyeshika msalaba kwenye maziko, na Rahel amesimama pale kati ya matuta, viatu vyake vya mtumba vimejaa udongo, ananiuliza, Mama Fabiani, ni tuta lipi, na mimi nayatazama matuta yangu kama mgeni, mimi niliyeyainua yote kwa mikono hii, ni la tatu kutoka kwenye mpera, nalijua kama ninavyolijua jino linaloniuma, lakini nasema, ngoja mwanangu, ngoja nipumzishe mgongo, na mgongo wenyewe hauniumi hata kidogo... lori la Enock liko Majengo linapakia mahindi, likijaa linaondoka kwenda Kipili, na kule ziwani kuna boti, na kwenye boti kuna mwanamke anayeisubiri barua aivushe mpaka kwao, Kongo, wamama wenzake waisome kwa sauti mbele ya ofisi ya wakubwa wa ile serikali yao ya vita, ndivyo Rahel alivyonieleza asubuhi hajakaa hata kwenye kigoda, Mama, miezi minane niko kambini nawaza ile karatasi tu, nimepewa ruhusa ya siku tatu na moja imeshaisha njiani, nami nikamjibu, ipo, nimeiweka vizuri, kwa mdomo wangu huu, nimeiweka vizuri, ee Mungu wangu... kwenye ntumba, nani anaweka karatasi kwenye ntumba, mtoto yeyote wa Ufipa anajua ntumba ni nini, unayapindua majani pamoja na udongo wake, unayafunika, unainua tuta la duara, mvua inanyesha juu na ndani kunafukuta, ukichomeka mkono mwezi wa nne unautoa una moto, halafu mvua za kwanza zikirudi unalivunja na kulitawanya, na hapo hakuna jani, hakuna mzizi, ni udongo mweusi mlaini kama unga, ulezi ukiota hapo unacheka, na tangu ile mbolea ya serikali ya bei nafuu ipotee, ikabaki ya madukani ambayo hata kuiulizia naona aibu, nimezirudia ntumba za mama yangu, mama aliyenichapa siku nilipofukua tuta kabla ya wakati ili nione kuna nini ndani, akasema, liache, Otilia, linakula... linakula, ndiyo, na mimi nikalilisha.

Mama, lori litatuacha, Rahel anasema, na sauti yake imepungua, kule kambini wamempunguza kila kitu, alipokuja kwangu Katandala mara ya kwanza alikuwa na mwili, anacheka mpaka jirani anagonga ukuta, amevuka ziwa na cherehani ya mkono imefungwa kwenye shuka, na mtoto hana, Meshack wake alichukuliwa na wanajeshi kutoka darasani, na chaki mkononi, miaka kumi na mitano, nikamwambia, chumba kipo, lala, ukipata cha kunipa utanipa, na baada ya mwezi wakaanza kuja na wenzake, kila Alhamisi, waliovuka kama yeye, saba pamoja naye, mimi nikadhani ni rozari, na kweli walianza na rozari, halafu wakasema mengine... Dominika ndiye aliyeanza, yule mwenye kikohozi, akasema, tumeomba Mungu, sasa tuombe na serikali, huyu Mungu naye atachoka kuombwa mambo ambayo mtu ameyafanya na anaishi kwenye nyumba yenye namba, wakacheka, nikacheka na mimi huku napuliza moto, na Rahel akatoa karatasi, yeye amesoma, akasema, kila mmoja aseme jina lake, na jina la mtoto wake, na neno lake moja, mimi nitaandika, halafu ataweka kidole, na wino hatukuwa nao, tukakwangua masizi chini ya sufuria yangu kubwa, tukachanganya na mawese, Silvana akachovya kidole kizima mpaka kwenye kiungo, Rahel akamwambia, we Silvana, kwa kidole hicho watasema ni fisi ametia sahihi, Silvana akajibu, waseme, fisi naye ana mama... watu hawa, watu waliopoteza kila kitu, walicheka nyumbani kwangu kuliko nilivyocheka mimi katika miaka ishirini.

Na neno la barua lilikuwa dogo, hata mimi nisiyejua a wala be nililishika siku ile ile, sisi wamama hatukuulizwa, batoto betu hawakuulizwa, tunauliza sisi, nani aliwapa nyie ruhusa, warudisheni... basi, ni hilo tu, halafu majina, halafu masizi... Mama Fabiani, umesahau, Rahel ananiuliza, anasogea, anasema taratibu kama anayeongea na mgonjwa, kama umesahau tuyavunje yote, niletee jembe la pili, na mimi nasema, sijasahau... sijasahau chochote, ndilo tatizo langu hilo... ilikuwa Machi, nimefungua majani mbele ya miguu yangu, karatasi iko kiunoni chini ya khanga, maana nilisikia watu wa ofisini wanapita nyumba kwa nyumba nikaona dari nilimoificha si salama, na Rahel siku hiyo ameshuka Kipili, nikainua macho nikamwona Urbano, balozi wetu wa nyumba kumi, anakuja na njia, nyuma yake watu wawili wenye makoti, na kabla sijafikiri mkono ulikuwa umeshaichomoa, umeshaitupa kwenye majani, umeshapindua udongo juu yake, mapigo matatu ya jembe, tuta limefunga, hata mfuko wa rambo sikuiwekea, mfuko ulikuwepo nyumbani umening'inia mlangoni, nilikuwa nautunza usichanike... Shikamoo Mama Fabiani, marahaba baba, habari za shamba, ni hizi, na Urbano akapandisha mguu mmoja juu ya tuta lile, lile lile, akaegemea goti kama mtu anayepiga picha, akasema, kuna maneno ofisini, kwamba wageni wako wanafanya siasa ya kwao hapa, mkimbizi haruhusiwi siasa, nikasema, siasa gani baba, wanasali rozari, kamuulize padri, akatazama makoti yale, akatazama mikono yangu, akasema polepole, Mama, rozari gani inayoacha masizi vidoleni, nikasema, ya wapishi... na wale wenye makoti wakacheka, Urbano hakucheka, ni mtu mwema Urbano, alijua, aliondoa mguu wake taratibu kama anayetoka kitandani kwa mgonjwa... na wiki iliyofuata Rahel na wale sita wakapandishwa gari wakapelekwa kambini, hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa, walipungiwa mkono.

Haya, Otilia, sasa jiulize, hakuna mtu hapa, Rahel haingii humu kichwani, jiulize... ile wiki ilikuwa na siku saba. Ungelifungua kesho yake karatasi ingekuwa imelowa tu, ungeianika, ungeitia kwenye mfuko wa rambo, kwenye chungu cha mbegu, popote. Hukulifungua. Ulisema tuta halifunguliwi kabla ya wakati, mama alikataza, mama aliyekufa zamani, ukasema majirani wataona, jirani gani, Limbu na ng'ombe wake, ukapanda maharage juu yake, Otilia, ukayapalilia, ukayavuna, ukayala, maharage ya tuta la tatu, yalikuwa matamu, na kila ulipopita hapo ulitazama mpera... nilijua. Nilijua ndani kunaendelea nini, miaka hamsini najua ndani ya ntumba kunaendelea nini. Niliacha iliwe. Kwa nini niliacha iliwe, wale wanawake wamenikosea nini, wameninywesha chai, wameniita mama... ni ile Alhamisi ya mwisho, Rahel alinigeukia na kile kisosi cha masizi, akasema, na wewe Mama Fabiani, weka kidole, nikasema, mimi si wa huko, serikali yangu haina vita, na Dominika akakohoa, akasema, bila ubaya, aliuliza tu kama mtu anavyouliza njia, na Fabiani mwenyewe yuko wapi... nikainuka nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri kabisa.

Fabiani mwenyewe. Mji mzima unaniita kwa jina lake na hakuna anayeuliza yuko wapi, ndiyo heshima yetu sisi, hatuulizi... mwaka wa sabini na nane, malori uwanjani, vijana wa mgambo wamepangwa, wimbo unapigwa, na mimi nimempikia ugali wa ulezi na jogoo mzima, nimesimama mbele, napiga vigelegele, tumeambiwa tuwasindikize kwa furaha wasiondoke na moyo mzito, na Fabiani kutoka juu ya lori, meno yote nje, Mama, punguza, watu watadhani unanioza, nikapiga zaidi, nilipiga mpaka koo likachanika, lori likapiga kona nami bado napiga... na sisemi vita ile ilikuwa mbaya, sijui, wanaojua walisema adui ameingia nchini, labda ni kweli, ni kweli, lakini kilichorudi ni begi, begi la kijani, bwana mmoja mstaarabu akaliweka mezani kwangu, ndani shati na kitana, akanyoosha karatasi, weka kidole hapa Mama, kwamba umepokea, nikaweka, akasema, una swali lolote, Mama, na alisubiri, sitamsingizia, alisubiri kabisa, amevua kofia, na mimi nikasema, sina. Nikasema, sina, baba, nashukuru. Nikamkaribisha chai... miaka ishirini nimeibeba sina ile, na hapo wakaja wanawake saba kutoka ng'ambo, hawana nyumba, hawana karatasi za kuishi, wanaomba chumvi kwa jirani, na wana maswali. Wameyaandika. Wameyapiga muhuri kwa masizi ya sufuria yangu. Nilichukia, ndiyo, sema Otilia, nilichukia kidogo, chini kabisa, kule kunakofukuta, kwamba wao walijua kuuliza na mimi nilijua kushukuru... nikaliacha tuta lile.

Rahel ameinama, anashika udongo wa tuta moja, si lile, anasema, kumelowa sana, Mama, uliifunga na nini, na sasa anaogopa, nasikia anavyoogopa, ile pumzi ya juu juu, hao saba wametawanyika, wawili wamehamishiwa kambi nyingine, Dominika kikohozi kimemmaliza mwezi wa sita, ameniambia asubuhi, kidole cha Dominika hakipatikani tena duniani ila ndani ya tuta lile, na ndani ya tuta lile hakimo... lakini nasikia kitu, kwa nini nasikia, mimi Dominika binti Kasimiri, mtoto wangu Leonidas, neno langu ni hili, alikuwa anaogopa giza, nani anamwashia taa... huyo ni Dominika, na kikohozi chake kipo, kabla ya neno taa alikohoa mara mbili... mimi Silvana, wangu ni wawili, pacha, neno langu, mmoja angetosha, mlichukua wa pili wa nini... mimi Redempta, jina la mtoto wangu sisemi, msije mkachukua na jina, andika, amekataa kulisema... na yule mfupi, na yule wa mwisho aliyelia bila sauti mpaka Rahel akaandika, amelia... wote wapo, mmoja mmoja, na mpangilio wao wa kukaa, nani karibu na mlango, nani kwenye gunia, aliyejua kuandika aliandika akasahau kwa sababu ameandika, mimi sikuwa na pa kuweka ila humu. Karatasi imeliwa. Vidole siwezi kuvirudisha, barua itakuwa haina vidole, wakubwa wale watasema hii ni hadithi ya kikongwe mmoja, na watakuwa na haki ya kusema... ila ndoa kanisani huandikwa na shahidi, padri humwita aliyekuwepo, wewe ulisikia, weka kidole, nimeweka kwa ndoa za watu nisiowapenda, nitashindwaje kuweka kwa hawa... nilikuwepo. Nilisikia. Mbele yangu.

Na nitamwambia yote, siyo imeoza tu, nitamwambia niliiacha ioze, anaweza kunitemea mate, ana haki, anaweza kulia hapa hapa kati ya matuta, lakini alie huku anaandika, lori lina mahindi machache tu ya kupakia, na akimaliza majina saba kutakuwa na nafasi chini, mimi Otilia wa Katandala, mtoto wangu Fabiani, neno langu... na wino si lazima masizi, huu udongo mweusi utashika kwenye karatasi, tuta la tatu, nitachovya hapo hapo walipo wao... Mama Fabiani, anasema kwa mara ya tatu, na jembe bado liko mikononi mwangu, zito vile vile, mpera pale pale, tuta halijaguswa, ni lipi, Mama, nionyeshe basi, nami nafungua mdomo, Rahel mwanangu, una kalamu... na yule bwana mstaarabu wa begi, popote alipo, kama yu hai, kama bado amesimama mezani kwangu na kofia mkononi anasubiri, ninalo, baba, ninalo swali.