Hema Lililosimama Uani kwa Zebedayo

Getini waliulizwa kama wamebeba mbwa, nyama mbichi au mifuko ya plastiki. Edward alisema hapana. Mkewe, Dainess, alifunua kapu lao: ndizi za kupika, maparachichi, chupa ya chai na blanketi la mama mkwe. Askari wa hifadhi akachungulia kiti cha nyuma, akamwona bibi kizee Tulinagwe amejikunja kando ya mjukuu wake Esnath, akawatakia mapumziko mema.

Ndivyo alivyosema, mapumziko. Tulinagwe aliletwa Nsongola akiwa bibi harusi, wakati Nsongola bado ni kijiji. Alizaa humo, akamzika humo mumewe Zebedayo, uani, hatua chache kutoka mlango wa jiko, maana Mnyakyusa huzikwa kwake. Baadaye watu walihamishwa, nyumba zikabomolewa na migomba ikafyekwa ili nyasi za asili zirudi. Makaburi, waliambiwa, yatabaki na yataheshimiwa. Ila wenye makaburi hawakuruhusiwa kuingia kuyaona, kwa sababu mwanakijiji akiingia hifadhini ni mvamizi. Anayelala kwenye mahema ni mgeni, na mgeni anakaribishwa kwa juisi.

Hospitali ilikuwa imemrudisha Tulinagwe nyumbani Makandana, ikasema apewe anachokipenda. Alichokipenda ni kulala kando ya mumewe, kama walivyoahidiana. Edward, fundi mitambo wa kiwanda cha chai, alikwenda ofisi ya hifadhi kuomba ruhusa ya kumzika huko siku ikifika. Walimsikiliza kwa adabu, wakamkatalia kwa adabu. Ndipo akaamua kukodi hema la familia. Mama atafia humo, alijiambia, na mtu akishafia kwake, nani atakuwa na roho ya kumtoa? Hiyo ni hesabu ya mtoto anayempenda mama yake, na hesabu za namna hiyo hazijawahi kutoka sawa.

Mahema yalikuwa yamesimamishwa tayari juu ya majukwaa ya mbao, kila moja na vitanda vya shuka nyeupe, taa ya sola na bafu la maji ya moto kwa nyuma. Edward alikuwa ameomba lile la mwisho, karibu na kijito. Aliutazama mlima, akakitazama kijito, akaridhika. Jukwaa lilikaa juu ya ua wa baba yake. Mahali pa wageni kuota moto ndipo lilipokuwa jiko.

Jioni ukungu uliposhuka, Zebedayo alitoka chini ya jukwaa, akajikung'uta udongo, akaenda kuwasha moto wa wageni. Msimamizi wa kambi, Jenifer, mwanamke wa Kiwira, alieleza kwamba hiyo ni kawaida yake. Hajaajiriwa na hali chakula cha kambi, lakini moto wake hauzimwi na mvua.

"Wazungu wakiuliza tunawaambia ni mlinzi," alisema. "Kwani uongo?"

Edward alimfuata baba yake pale motoni. "Shikamoo, taata."

"Marahaba. Umenenepa." Zebedayo alisukuma kuni kwa mguu. "Mlihama mkaniacha."

"Tulikuita, taata. Tulikuita mpaka sauti zikakauka."

"Niliwasikia. Niliwafuata mpaka getini, wakanirudisha."

"Ni sheria, mzee," Jenifer alisema, bila ubaya wowote. "Kilichomo hifadhini hakitoki, hata jiwe. Na kilichoingia na mgeni kinatoka na mgeni."

Dainess hakuwepo kwenye mazungumzo hayo. Alipomwona mzee akitokea alijifunika khanga kichwani, akachuchumaa nyuma ya gari. Kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, wala hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Mjini siku hizi wengine wanapeana mikono na kula meza moja, na wachungaji wamesema si dhambi. Lakini Dainess alilelewa na bibi yake huko Kisondela, na mambo aliyofundishwa na bibi hayakumtoka. Tena Zebedayo alikufa kabla ya ndoa yao, kwa hiyo heshima hiyo alikuwa hajapata nafasi ya kuitumia.

Zebedayo naye, alipoona pindo la khanga, aligeuza uso upande wa mlima.

"Huyo ndiye mkeo?"

"Ndiye."

"Amefunzwa. Mwambie ndaga fijo, asante sana."

Basi Dainess akachukua blanketi moja, yeye na Esnath wakahamia kwenye gari, ili mzee apate kuingia hemani. Zebedayo aliingia, akapanda kitandani na udongo wake wote, akalala kando ya mkewe. Esnath aliyewapelekea chai alirudi akasema babu na bibi wanabishana kuhusu ng'ombe fulani mweusi, kama alikufa kwa ugonjwa au kwa uzembe. Bibi alikuwa anacheka. Dainess hakuwa amemsikia mama mkwe wake akicheka tangu mvua za masika, akafurahi sana.

Asubuhi Tulinagwe alikuwa amekufa. Zebedayo alikuwa amelala vilevile, amemshika mkono.

Edward alilia kwa sauti, kisha akajifuta, akaenda kwa Jenifer. Alimwambia mama yake amefia kwake na wanaomba kumlaza chini ya jukwaa, pembeni ya mumewe. Hawataki saruji wala msalaba, na wageni hawatajua kitu. Jenifer alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Akapiga redio ofisini. Redio ikajibu kwamba kilichoingia na mgeni kinatoka na mgeni.

Wafanyakazi wa kambi walikuja kumbeba Tulinagwe wakashindwa. Walivuta shuka, wakavuta godoro, wakavuta kitanda, mpaka jukwaa lote likalia. Mkono wa maiti haubanduliwi kwa nguvu, na huu ulikuwa umekaa ardhini miaka mingi bila kushika kitu. Edward, aliyesimama mlangoni, alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu waondoke hospitali.

"Huyu ameshikwa," mmoja wa wabebaji alisema. "Waacheni tu."

Edward akaenda stoo kutafuta jembe.

Jenifer alibaki akifikiri. Wageni wengine walikuwa njiani kutoka Mbeya, na hema hilohilo ndilo walilopangiwa. Yeye pia ni mtoto wa milima hii. Alitembea mpaka kwenye gari, akamkuta Dainess akimsuka Esnath nywele.

"Mzee ameshashuka chini," alisema. "Mama amebaki peke yake. Nenda ukamwoshe, dada yangu, kabla hajakakamaa."

Kumwosha mama mkwe ni kazi ambayo mke mwema hawaachii watu baki. Dainess alichukua beseni la maji ya vuguvugu, akapanda ngazi za jukwaa. Hakubisha hodi. Nani humpigia maiti hodi? Alisukuma turubai kwa kiwiko, akaingia.

Zebedayo aliona miguu ya mke wa mwanawe. Akajifunika uso, na kwa kujifunika ilimbidi atumie mikono yote miwili. Akapita katikati ya mbao akashuka chini. Dainess aliangusha beseni akakimbilia nje, lakini mambo yalikuwa yamekwisha. Tulinagwe alinyanyuliwa na watu wawili tu.

Edward alirudi na jembe begani, akakuta mama yake yumo garini, amefungwa mkanda.

"Baba Esnath, nimeingia," Dainess alisema. "Nimeingia naye yumo."

"Nani alikwambia uingie?"

Dainess alimtazama Jenifer. Jenifer alikuwa anatandua shuka zipelekwe kufuliwa.

"Nina watoto, kaka yangu," alisema, na hilo nalo lilikuwa kweli.

 Edward akaegemeza jembe kwenye ngazi, mahali ambapo mwenye stoo angeliona. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na wao hawakuwahi kuwa na hifadhi. Getini askari alichungulia kiti cha nyuma, akawaona wote walioingia, akasema karibuni tena.

Walimzika kwenye makaburi ya mjini, Tukuyu. Jeneza lilipofika chini lilijisogeza lenyewe mpaka likagusa ukuta wa udongo upande mmoja. Upande wa pili ikabaki nafasi ya mtu, ingawa kaburi lilichimbwa kwa kipimo cha kawaida. Mchimbaji, Hosea, aliliangalia jambo hilo kama fundi.

"Kuna mwingine anakuja?" aliuliza.

Watu waliitazama ile nafasi.

"Basi tusubiri," Hosea akasema, akachomeka sepetu kwenye udongo.

Waombolezaji wakakaa. Wanawake wakaanzisha wimbo, wakaumaliza, wakaanzisha mwingine. Dainess aliyekuwa mbele kabisa aliinuka kimya kimya, akapenya katikati ya wenzake, akatoka nje ya makaburi. Alizunguka nyuma ya ukuta, mahali ambapo mtu anayekuja kaburini hawezi kumwona wala kuonwa naye, akajifunika khanga, akachuchumaa akitazama mashamba ya chai.

Mchungaji alitazama mawingu, kisha akamtazama Edward. Edward alikuwa anaifikiria ile njia ya kutoka Nsongola, na geti.

"Hatakuja," alisema. "Fukieni."

Wakafukia. Udongo uliingia upande ule wa wazi kwa muda mrefu kabla haujaanza kujaa. Mvua ikaanza, watu wakakimbilia magari, na katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kumwita Dainess. Alikuwa bado amechuchumaa nyuma ya ukuta, khanga imelowa, akimpisha baba mkwe wake.