Vidonge vya Shangazi

"Meza basi, Shangazi! Kwani nakulisha sumu?"

Fundi viatu alikuwa amepiga magoti kibandani mwake, vidole vimejaa mikwaruzo, ameushika mdomo wa paka usifunguke. Shangazi, aliyepewa jina hilo kwa kuwatazama wateja kana kwamba wamekuja mikono mitupu, alimkodolea macho, kisha akatulia. Fundi akamwachia. Paka akajikokota hadi kwenye rafu ya viatu vilivyokwisha kushonwa, akatumbukiza kichwa ndani ya buti kubwa jeusi la mteja wake, mlinzi wa usiku, akajilaza.

Wiki nzima ilikuwa hivyohivyo, na paka alizidi kukonda.

Daktari wa wanyama hakumficha. Ilikuwa saratani ya utumbo. Vidonge vya steroidi visingeiondoa, ila vingetuliza uvimbe, virudishe hamu ya kula na kumpa paka miezi kadhaa isiyo na mateso. Fundi aliikumbatia hiyo miezi. Sasa ilikuwa ikimponyoka mchana kweupe, akampigia daktari simu na kumtukana kwamba dawa yake ni chokaa tupu.

Mkewe alimletea chai, akaitazama sahani ya samaki iliyokuwa haijaguswa.

"Baba watoto, mpeleke kwa daktari akachomwe sindano ya kupumzika moja kwa moja. Unamtesa."

"Mimi ndiye ninayemtesa?"

"Nani mwingine?"

Fundi akainamia kiatu. Akagonga msumari, ukapinda. Akagonga mwingine, nao ukapinda vilevile. Jioni mlinzi alipochukua mabuti yake, fundi hakuwa hata na hamu ya kumtania.

Kesho yake alimtia Shangazi kwenye boksi la viatu vya watu wazima ampeleke kwa daktari, akaenea na nafasi ikabaki. Alikuwa anafunga kibanda, mkewe amesimama kando akijifanya anafagia, mlinzi alipotokea akichechemea.

"Fundi, mimi na wewe tumekosana lini?" Akavua buti, akaligeuza juu chini. "Nimezunguka lindo zima nikidhani umenisahaulia misumari. Kumbe umenifungulia duka la dawa!"

Vidonge vikamwagika mezani, vingine vizima, vingine vimepondeka, vyote vimeshika manyoya.

Fundi alivitazama, kisha akalitazama boksi.

"Mshenzi wewe!" alifoka, na sauti ikamkatika. "Nimemtukana daktari bure!"

Mkewe akatupa ufagio. "Mlete huyo mnafiki."

Fundi akavaa aproni yake ya ngozi, akaketi kwenye kigoda, akambana Shangazi katikati ya magoti kama anavyobana kiatu kinachosubiri soli. Mkewe akasukuma kidonge hadi nyuma ya ulimi, akamsugua koo polepole. Walisubiri wote watatu, mlinzi akiwa na mguu mmoja peku, mpaka paka alipotoa ulimi na kujilamba pua.

"Kimeenda," mkewe alinong'ona.

Fundi aliomba abaki na lile buti alisafishe kwa ndani. Mlinzi akaondoka na ndala za kuazima.

Aliporudi kulifuata siku kadhaa baadaye, sahani ya samaki ilikuwa tupu, imelambwa ikang'aa. Buti lilikuwa kwenye rafu, safi, kavu, kichwa cha Shangazi kimo ndani na mkia umening'inia kando yake.

"Langu tayari?"

Fundi alimtazama Shangazi. Mbavu zilikuwa bado zinahesabika, lakini zilipanda na kushuka taratibu.

"Bado," alisema. "Gundi haijakauka."

Mlinzi akalitazama buti, akautazama mkia, akazipangusa ndala zake vumbi.

"Basi iache ikauke vizuri," alisema.