Kipara cha Baron

Ndoa yenyewe haikuwa na shida. Shida ilikuwa sufuria za karamu, na pa kuziweka. Tonton Éliézer, mjomba aliyemlea bibi-arusi, alitoa sharti moja tu kwa simu kutoka Liège: "Mutoto wa dada yangu hataolewa ndani ya appartement. Mbuzi inaomba hewa. Tafuta parcelle, ao ungoje mwaka ingine."

Sasa Crispin, bwana-arusi, mtengeneza nywele wa Matonge, mtaa wa Wakongo ughaibuni, mwenye chumba kimoja na kitanda kinacholia, atoe wapi uwanja? Uwanja aliokuwa akiujua ulikuwa mmoja: ule anaouona kila asubuhi dirishani kwake kule Evere, nyuma ya nyumba ya Madame Josiane, mwenye nyumba wake. Nyasi zake zilinyolewa vizuri kuliko kichwa cha askari mpya, na hakuna aliyeruhusiwa kuzikanyaga isipokuwa Baron.

Baron alikuwa mbwa. Tusimdharau lakini: caniche mweusi wa manyoya ya kujisokota, mwenye ukoo unaojulikana hadi babu wa babu, wakati Crispin mwenyewe commune, ofisi ya mtaa, ilikuwa bado haijakubali tarehe yake ya kuzaliwa. Alikuwa na daktari wake, na koti la mvua, na siku za mashindano ya uzuri wa mbwa watu walimpigia makofi kama waziri.

Basi juma la mashindano ya mwaka ule wa tisini na tano, Baron akafuata mpira chini ya radiateur inayopasha nyumba joto, akatoka na mpira, na kipara. Kidogo tu, kama kifungo cha shati, lakini katikati kabisa ya kile kishungi cha utosini. Madame Josiane alipanda ngazi akilia.

"Monsieur Crispin, wewe unatengeneza nywele."

"Za watu, Madame."

"Nywele ni nywele. Kupanga-panga tu kidogo. Wote wanapanga! Yule wa mbwa mweupe anampaka chaki. Yule wa mbwa mwekundu anamwosha kwa chai."

"Na huo si udanganyifu?"

"Udanganyifu ni ukionekana."

Crispin akaona mlango, akaingiza mguu. Akaomba bustani, Jumamosi moja tu. Madame akatazama nyasi zake dirishani, akakumbuka kipara.

"Baron akipata utepe wa ushindi, bustani ni yako. Asipopata, hata unyayo wako sitaki kuuona pale."

Kule salon, Chaussée de Wavre, Kyungu, aliyefanya kazi naye, alicheka mpaka akamchoma mteja sikio kwa pasi ya nywele.

"Mbwa! Utamunyoosha nywele na défrisant?"

"Iko na kipara ya kidogo tu."

"Ba maman bote ba Matonge beko na kipara ya kidogo tu, petit. Ni kwa ile ndiyo tunakulaka."

Hapo Crispin akapata akili. Chaki na chai ni kazi ya waoga. Kipara cha mtu anayejiheshimu kinafunikwa na mèche: unasuka nywele za pembeni, unashonea za kununua juu yake, unapuliza laque ya kukazia, na maman anatoka nje shingo wima kama aliyebeba yai. Wala hakuna atakayejua, maana hakuna atakayegusa. Hiyo ndiyo sheria. Mwanamke aliyetoka salon unaweza kumgusa mfuko, unaweza hata kumgusia habari za mume wake, lakini kichwa, thubutu! Mume mwenyewe anaomba ruhusa, na ananyimwa.

Mèche nyeusi nzuri, nywele ya kweli si plastiki, ilikuwa moja nyumbani: paketi ya Émérance, mchumba wake, aliyoiweka kwa ajili ya ndoa. Émérance aliporudi kutoka Forest, anakohudumia wazee, akamkuta na mkono ndani.

"Crispin. Hiyo ni kichwa yangu."

"Chérie, nakopa kipande tu."

"Ya nani?"

"Ya… Baron."

Émérance akaketi kitandani. Kitanda kikalia. "Donc mimi na mbwa tutavaa mèche moja."

"Ni juu ya ndoa yetu!"

"Bon. Lakini tonton akijua, mimi sikujui."

Crispin akamshona Baron asubuhi ya mashindano, akamkaza Kimatonge, mpaka nyusi za mbwa zikapanda akawa kama mtu aliyefungua facture ya deni la gesi. Kipara kikatoweka. Madame Josiane akambusu mmoja wao. Hakuwa Crispin.

Ukumbini, chaki ilipaa kama unga siku ya kusaga, na kila mwenye mbwa aliapa kwa jirani yake: naturel, tout naturel, ya asili tupu. Baron akaingia uwanjani shingo wima, kama maman anayechelewa misa kwa makusudi. Watu wakapiga makofi. Crispin, nyuma ya kamba, alikuwa ameshaanza, kichwani mwake, kuweka sufuria kwenye zile nyasi, kubwa kushoto, ndogo kulia.

Ndipo hakimu, mzee mrefu wa suti ya bluu, akainama na kunyoosha mkono.

"Eh! Papa, usiguse!" Crispin akapiga kelele kwa Kiswahili. "Batoka kumutengeneza!"

Ukumbi wote ukageuka. Mkono lakini ulikuwa umeshatua. Hakimu wa mbwa anaona kwa vidole: mifupa, meno, manyoya, vyote anavipapasa. Madame hakumwambia Crispin, kwa sababu kwake hilo lilikuwa jambo la kila mtu kulijua, kama vile kwa daktari unafungua mdomo. Vidole vikakuta uzi. Vikavuta. Mèche ikaja yote, ikaning'inia hewani, ndefu, inang'aa, tayari kwa harusi.

"Madame, hii ni nini?"

"Ni ya ukoo," akasema Madame Josiane. "Upande wa mama yake."

Baron akatolewa. Wenye mbwa wengine wakatikisa vichwa kwa masikitiko, na kila kichwa kilipotikisika, chaki ilianguka kutoka mabegani.

Crispin akajificha karibu na choo, akitafuta maneno ya kumwambia tonton. Mkono ukamvuta. Yule mama wa mbwa mweupe, ananong'ona: "Monsieur, ule ushonaji… wangu ana kovu mkiani." Nyuma yake yule bwana wa chai naye anasubiri zamu, anajifanya anasoma tangazo la choo.

Madame Josiane, aliyetokea uso mwekundu, mèche mkobani, alisema: "Monsieur Crispin hana nafasi! Ana ndoa. Kwangu. Bustanini." Alikuwa ameshauona ule mkia mweupe wa mpinzani mwaka ujao, umeshonwa na Crispin, na utepe juu, na hakuupenda.

"Lakini Madame," Crispin akauliza ndani ya gari, mjinga huyu, "utepe hatukupata."

"Nyamaza kabla sijakumbuka. Na mwaka ujao, uzi mwembamba zaidi."

Basi mbuzi akapata hewa yake. Nyasi zikakanyagwa, Madame Josiane akala sombe, majani ya muhogo, sahani mbili akisema anaonja tu. Émérance akatoka, kichwa kinang'aa kwa mèche yote, pamoja na kile kipande kilichorudi kutoka mkobani. Baron akanusa upepo, akaacha mfupa, akaenda kuketi miguuni pake kama ndugu wa damu.

Tonton Éliézer akasimama, koti limefungwa, akanyoosha mkono aweke baraka juu ya kichwa cha bibi-arusi. Baron akanguruma, meno yote nje.

"Hii mbwa inanikatazia nini?"

"Tonton, iko na haki," akasema Émérance, macho kwa Crispin. "Yeye balimugusaka kichwa, anajua ile ilimufikia."

Tonton hakuelewa, lakini meno aliyaona. Akabariki kwa mbali, mkono hewani, kama mtu anayepima joto la sufuria.