Viraka vya Mlangoni

Ok-sim alipoanza kulowesha karatasi iliyowambwa kwenye fremu ya mlango ili aibandue, alijua fika anajitafutia balaa. Mama mkwe wake, Bun-rye, alikuwa sokoni. Mtoto alikuwa ndani anakohoa mpaka anapaliwa, na upepo unapenya mlangoni kama hakuna mlango. Kijiji kizima, huko Jeolla nchini Korea, kilishabandika karatasi mpya kabla ya baridi kali. Kwao hakuna kugusa tangu baba mkwe afe.

Huyo mzee alikuwa na mambo yake. Kila tundu la mlangoni aliliziba kwa karatasi iliyofungiwa dawa, akachora juu yake kwa kipande cha penseli, na chini akaandika mistari ya shairi ya kumchokoza mkewe. Paka alipotoboa, alichora paka. Hicho kilikuwa kiraka cha mwisho, alikibandika akiwa hoi, tandiko lake likiwa karibu na mlango. Bun-rye huvisemesha viraka hivyo kila asubuhi. Nani angethubutu kuvibandua?

Ok-sim aliingiza ukucha chini ya kiraka cha paka. Karatasi ilikuwa imelegea vibaya.

"Unafanya nini hapo?"

Bun-rye alikuwa amesimama uani, kapu kichwani.

"Mama, mtoto anakohoa."

"Nimekuuliza mtoto? Toa mkono."

"Nikiutoa kitachanika, Mama."

Bun-rye alitua kapu, akaja. Ok-sim alijua leo anarudishwa kwao. Lakini yule mama alipiga magoti, akashika pembe ya pili.

"Taratibu basi. Mkono mzito huo, sijui ulilelewa na nani."

Walivuta pamoja. Kiraka kikatoka kizima. Upande wa nyuma, ule uliopakwa gundi ya wali, kulikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona.

"Soma wewe," Bun-rye alisema. "Mimi sioni."

Ok-sim akasoma:

"Umeleta karatasi mpya, mke wangu?
Nilidhani utanisimamisha mlangoni milele.
Tubandue sote, hata paka.
Upepo usikupate."

Bun-rye alilia, wala hakujificha.

"Muda wote huu ananiambia nizibe mlango," alisema, "nami nimekaa mbele yake namsemesha, mjukuu wake anapigwa baridi."

Akaingia ndani, akatandaza kiraka kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini, kando ya mtoto, kikauke.

"Haya, mkwe wangu," akasema. "Lete maji mengine."